Jalada la Mgonjwa na Duka la Bunduki

Sheria ya taifa ya Marekani huwanyima watu wa makundi machache haki ya kumiliki bunduki, na mawili kati ya makundi hayo hufahamika zaidi hospitalini: waliowahi kulazwa kwa amri kwa sababu ya ugonjwa wa akili, na waraibu wa dawa za kulevya. Katazo hilo, kwa sura yake ya leo, ni la mwaka 1968. Nusu zake mbili, kumfungia mgonjwa na kudhibiti silaha, ni kongwe zaidi, nazo zilikua mbalimbali kwa karibu miaka mia mbili kabla ya kukutana. Kinachoziunganisha ni karatasi, yaani amri iliyotiwa sahihi na kuwekwa jaladani. Mara nyingi historia hii huamuliwa na jalada hilo, aliyeliandika na mahali lilipolala, kuliko na ugonjwa wenyewe.

Nyumba ya kwanza ya umma iliyojengwa kwa ajili ya wagonjwa wa akili pekee katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika ya Kaskazini ilifunguliwa Williamsburg, Virginia, Oktoba 1773. Ilikuwa na vyumba 24, na vilifanana na seli za gereza. Kabla yake mgonjwa alikaa kwa ndugu zake, na akiwashinda, alipelekwa katika nyumba ya maskini au jela. Hali hiyo ya jela ndiyo aliyoilalamikia Dorothea Dix mbele ya bunge la Massachusetts mwaka 1843, na kampeni yake ikayasukuma majimbo mengi kujenga hospitali kubwa nje ya miji. Nia ilikuwa njema. Lakini taratibu za kumwingiza mtu humo zilikuwa nyepesi mno: sahihi ya ndugu na kibali cha mganga mkuu mara nyingi vilitosha.

Elizabeth Packard aliuonyesha wepesi huo kwa nafsi yake. Sheria ya Illinois ya mwaka 1851 ilimruhusu mume kumpeleka mkewe hospitali ya wagonjwa wa akili bila ushahidi uliodaiwa kwa watu wengine. Mwaka 1860 mumewe, mchungaji wa dhehebu la Kikalvini aliyekerwa na ubishi wake katika mambo ya dini, alimpeleka Jacksonville, akakaa huko miaka mitatu. Alipotoka, mume akamfungia nyumbani, na shauri likafika mahakamani Kankakee, Januari 1864. Wazee wa baraza walitumia dakika saba tu kuamua kwamba mama huyo ana akili timamu. Packard hakutulia hapo. Alizunguka jimbo hadi jimbo akiwashawishi wabunge, na mwaka 1867 Illinois ikapitisha sheria iliyodai mtu asikilizwe na baraza la mahakama kabla ya kufungiwa. Tangu hapo wazo kwamba kulazwa kwa nguvu ni suala la hakimu, si la daktari na ndugu peke yao, likaanza kushika mizizi. Wazo hilo ndilo lililozaa amri ya maandishi, na bila amri hiyo katazo la bunduki lisingekuwa na pa kushika.

Walevi na waraibu walipitia njia ya pembeni. Jimbo la New York lilifungua hospitali ya walevi Binghamton mwaka 1864, lakini haikudumu, na baada ya miaka takribani 15 jengo likageuzwa kuwa la wagonjwa wa akili. Sheria ya Harrison ya mwaka 1914 ilipodhibiti afyuni na kokeini, waraibu walianza kujaa magerezani, mpaka serikali kuu ikajenga mahali pao hasa: shamba kubwa karibu na Lexington, Kentucky, lililofunguliwa mwaka 1935. Wafungwa na watu waliojileta wenyewe waliishi pamoja, wakikamua ng’ombe na kulima kama sehemu ya tiba. Wafungwa walikaa mpaka kifungo kiishe. Waliojileta waliondoka walipotaka, na wengi walirudi. Pengo hilo la hiari lilizisukuma California, mwaka 1961, na kisha New York na serikali kuu, mwaka 1966, kutunga sheria za kumpeleka mraibu kwenye tiba kwa amri ya mahakama hata kama hakutaka. Mahakama ya Juu ilikuwa imeshafungua mlango mwaka 1962 katika kesi ya Robinson dhidi ya California. Ilisema kwamba kuwa mraibu peke yake hakuwezi kuwa kosa la jinai, lakini ikadokeza kwamba tiba ya lazima inaruhusiwa.

Upande wa silaha, msomaji wa Afrika Mashariki hana budi kuanza kwa kugeuza mazoea yake. Kenya na Tanzania, mtu huomba leseni, na ofisa ana nafasi ya kumkatalia. Marekani, tangu Marekebisho ya Pili ya Katiba ya mwaka 1791, kuwa na silaha huhesabiwa kuwa haki, na serikali ndiyo inayotakiwa kueleza kwa nini fulani asiwe nayo. Kwa zaidi ya karne moja hakuna aliyeona haja ya kuandika sheria ya taifa kuhusu mgonjwa wa akili na bunduki. Sababu si ngumu kuiona. Aliyelazwa hospitali ya jimbo alikaa humo miaka mingi, mara nyingi mpaka kufa. Kuta zilifanya kazi ambayo baadaye ingefanywa na sheria.

Dalili za mwanzo zilitoka majimboni. Januari 1911, mwandishi wa riwaya David Graham Phillips alipigwa risasi karibu na Gramercy Park, New York, na mwanamuziki aliyeamini kwamba vitabu vya Phillips viliisengenya familia yake, kisha mwuaji akajiua palepale. Miezi michache baadaye jimbo hilo likapitisha Sheria ya Sullivan, iliyodai kibali kwa kila bastola inayoweza kufichwa. Miaka ya 1920 na 1930 kundi la wanasheria liliandaa sheria ya mfano ili majimbo yaichukue, nayo ilimkataza muuzaji kumpa bastola mraibu, mlevi wa kupindukia au mtu asiye na akili timamu. Pennsylvania iliichukua mwaka 1931. Kumbe kuwaweka mgonjwa wa akili na mraibu katika sentensi moja kulianza humo, miongo kadhaa kabla ya sheria ya taifa. Lakini muuzaji angemtambuaje mtu wa namna hiyo? Sheria ilimwachia macho yake.

Mambo yalibadilika katika miaka mitano ya misiba. Novemba 1963 Rais John Kennedy aliuawa kwa bunduki iliyoagizwa kwa posta kutoka duka la Chicago, kwa jina la bandia. Agosti 1966 mtu mmoja alipanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, akaua watu wengi kwa risasi. Miezi minne kabla alikuwa amemwona daktari wa akili wa chuo hicho na kumweleza mawazo yake ya kuua, lakini hakuwahi kulazwa. Kisha Martin Luther King akauawa Aprili 1968 na Robert Kennedy Juni mwaka huohuo. Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Udhibiti wa Silaha tarehe 22 Oktoba 1968. Miongoni mwa wasioruhusiwa kuuziwa walikuwemo watumiaji haramu na waraibu wa dawa za kulevya, na yeyote ambaye mamlaka imeamua kuwa ni punguani au ambaye amewahi kupelekwa kwa amri katika taasisi ya wagonjwa wa akili. Neno punguani ndilo linalokaribia zaidi lugha ya sheria ile, na hata mwaka 1968 lilikuwa limeshachakaa.

Katazo hilo la wagonjwa wa akili lisingemgusa mtu wa Austin. Lisingemgusa hata aliyemwua rais. Lilitungwa kwa picha ya hospitali ya zamani, ambayo mgonjwa wa kweli ni yule aliyepelekwa kwa amri, na aliyepelekwa kwa amri ni mgonjwa wa kweli. Picha hiyo ilikuwa inafutika wakati wino wa sahihi haujakauka. Mwaka 1955 hospitali za majimbo zilikuwa na wagonjwa takribani 559,000. Dawa mpya, malalamiko juu ya hali ya wodi, na sheria ya Rais Kennedy ya mwaka 1963 ya kuhamishia tiba katika jamii, vilianza kuzikausha. California ilipitisha mwaka 1967 sheria iliyotiwa sahihi na Gavana Ronald Reagan, ikifuta kulazwa bila kikomo: mtu angezuiliwa saa 72 kwa uchunguzi, kisha siku 14, na kila hatua ilihitaji sababu mpya. Florida ilifuata mwaka 1971 kwa sheria iliyopewa jina la mbunge wake Maxine Baker. Kifungu cha California cha saa 72 kina namba 5150, na namba hiyo imeingia katika lugha ya mitaani, kama ambavyo Mtanzania humtania mtu kwamba apelekwe Mirembe na Mkenya akamtajia Mathari.

Mahakama ziliongeza kasi. Kenneth Donaldson alikuwa ameingizwa hospitali ya Chattahoochee, Florida, mwaka 1957 na kukaa karibu miaka 15 akidai kwamba si mgonjwa. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba jimbo haliwezi kumfungia tu mtu asiye hatari, anayeweza kuishi nje kwa usalama. Mwaka 1979, katika kesi ya Addington dhidi ya Texas, ilidai ushahidi ulio wazi na wenye kushawishi kabla ya mtu kulazwa kwa nguvu kwa muda mrefu. Haki za mgonjwa ziliimarika. Lakini amri rasmi zikapungua, mizuio mifupi isiyo na hakimu ikaongezeka, na wagonjwa wengi wakakubali kulazwa kwa hiari kabla shauri halijaanza. Sheria ya bunduki ikabaki imeegemea neno moja, kupelekwa kwa amri, wakati maana yake ilikuwa ikitofautiana jimbo hadi jimbo.

Kwa miaka 25 ya kwanza tofauti hizo hazikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu sheria ya taifa haikumtaka yeyote akague. Mnunuzi alijaza fomu dukani, akajibu maswali, akatia sahihi, akaondoka na silaha. John Hinckley, aliyempiga risasi Rais Reagan Machi 1981, alikuwa amenunua bastola yake Dallas siku chache tu baada ya kukamatwa na bastola nyingine uwanja wa ndege wa Nashville, na katika fomu aliandika anwani asiyoishi tena. Msemaji wa rais, James Brady, alipooza kwa risasi hiyo. Yeye na mkewe Sarah walipigania kwa miaka mingi sheria yenye jina lao, iliyotiwa sahihi Novemba 1993. Tangu Novemba 1998 muuzaji mwenye leseni anatakiwa kuuliza mfumo wa taifa wa ukaguzi unaoendeshwa na FBI kabla ya kukabidhi bunduki.

Hapo ndipo swali la jalada lilipokuwa swali la kila siku. Mfumo hujua kile tu ulichoambiwa, na kumbukumbu za wagonjwa zilikuwa mikononi mwa majimbo. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba serikali kuu haiwezi kuwaamuru maofisa wa majimbo wafanye kazi ya ukaguzi wa Brady, na majimbo mengi hayakutuma kitu, mengine yakijitetea kwa siri ya mgonjwa. Mwaka huohuo idara ya serikali kuu inayosimamia silaha ilitoa tafsiri ya kupelekwa kwa amri: lazima iwe amri rasmi ya mahakama, bodi au mamlaka nyingine halali. Aliyeingia kwa uchunguzi hayumo, wala aliyejilaza mwenyewe. Ila tafsiri ikaongeza jambo ambalo wachache waliliona: amri iliyotolewa kwa sababu ya matumizi ya dawa za kulevya inahesabiwa pia.

Gharama ya ukimya wa majimbo ilionekana Virginia, jimbo lilelile la hospitali ya mwaka 1773. Desemba 2005 hakimu alimwona mwanafunzi mmoja wa chuo cha Virginia Tech kuwa hatari kwa nafsi yake, akamwamuru atibiwe akiwa nje ya hospitali. Kwa tafsiri ya serikali kuu, uamuzi huo ulitosha kumzuia. Kwa utaratibu wa Virginia, walioripotiwa ni wale tu waliolazwa. Mapema mwaka 2007 alinunua bastola mbili, akapita ukaguzi mara mbili, na tarehe 16 Aprili akaua watu 32. Gavana Tim Kaine alirekebisha utaratibu kwa amri wiki mbili baadaye. Januari 2008 Rais George W. Bush alitia sahihi sheria ya kuyapa majimbo fedha ili yatume kumbukumbu, na katika miaka iliyofuata idadi ya majalada ya wagonjwa katika mfumo ilipanda kutoka laki chache hadi mamilioni.

Sheria hiyo ilishughulikia pia jambo lililosahauliwa tangu mwanzo, yaani aliyepona. Katazo la 1968 halina mwisho. Bunge liliwahi kuweka njia ya kuomba kurejeshewa haki kwa serikali kuu, lakini tangu 1992 likaizuia idara husika kutumia fedha kuyashughulikia maombi ya watu binafsi, kwa hiyo mlango ulikuwepo bila bawabu. Sheria ya 2008 ilitaka majimbo yanayopokea fedha yafungue njia zao. Yasiyofungua yaliwaacha watu wamenasa. Mwanamume mmoja wa Michigan alikuwa amelazwa kwa amri miaka ya 1980, kwa muda usiofika mwezi, baada ya ndoa yake ya miaka mingi kuvunjika, na hakuugua tena. Mwaka 2011 alikataliwa bunduki. Mahakama ya rufaa ya serikali kuu iliamua mwaka 2016, majaji wake wote wakiwa wameketi, kwamba ana haki ya kusikilizwa. Kwa maaskari wastaafu shida ilikuwa ya namna nyingine: idara inayowahudumia iliripoti kwa miaka mingi wale waliowekewa msimamizi wa fedha kama watu wasiofaa kuwa na silaha, bila hakimu yeyote kuwaona. Ni vigumu kuona jinsi kushindwa kutunza hesabu za pensheni kunavyomfanya mtu kuwa hatari.

Katazo la waraibu halifuati jalada kwa ukali huo. Humhusu mtu maadamu bado ni mtumiaji au mraibu, na akiacha, linamwondokea. Ukaguzi wa dukani hauna njia ya kumjua mraibu wa heroini ambaye hajawahi kukamatwa, hivyo fomu hutegemea ukweli wake mwenyewe. Wakati huohuo majimbo yamerudi kwa nguvu kwenye tiba ya lazima. Massachusetts huruhusu ndugu kumwomba hakimu ampeleke mlevi au mraibu kwenye tiba. Florida ina sheria ya mwaka 1993 yenye jina la mchungaji Hal Marchman, na Kentucky ina ya mwaka 2004. Washington ilipitisha yake mwaka 2016, na ilipoanza kutumika Aprili 2018 iliunganisha uraibu na ugonjwa wa akili katika utaratibu mmoja wa kumzuilia mtu. Janga la dawa ya fentanili limezipa sheria hizi waombaji wengi, hasa wazazi. Mzazi anayepiga goti mbele ya hakimu ili mwanawe apate kitanda anaweza asijue kwamba amri rasmi anayoiomba inaweza kumfungia mwana huyo duka la bunduki maisha yake yote, ilhali jirani yake aliyejipeleka mwenyewe atabaki na haki pindi atakapoacha dawa. Bangi imezidisha mkanganyiko: majimbo mengi yameihalalisha, serikali kuu haijafanya hivyo, na tangu 2016 fomu ya dukani imebeba onyo la kumkumbusha mnunuzi. Juni 2024 Hunter Biden, mwana wa rais aliyekuwa madarakani, alitiwa hatiani Delaware kwa kununua bastola mwaka 2018 wakati akitumia kokeini na kujibu hapana kwenye fomu. Baba yake alimsamehe Desemba mwaka huo.

Kwa kuwa jalada huchelewa, majimbo kadhaa yamebuni njia inayotazama hatari ya sasa. Connecticut ilianza mwaka 1999, baada ya mfanyakazi wa shirika la bahati nasibu la jimbo kuwaua wakubwa wake wanne: polisi wangemwomba jaji hati ya kuchukua bunduki za mtu anayeonekana kuwa hatari, awe amelazwa au hakulazwa. Indiana ilifika hapo kwa uchungu zaidi. Mapema mwaka 2004 polisi wa Indianapolis walichukua silaha za mwanamume mwenye skizofrenia waliyempeleka hospitali kwa dharura. Alipotoka alizidai, na kwa kuwa hakukuwa na sheria ya kuzizuia, akarudishiwa. Agosti mwaka huo alimwua mama yake na ofisa wa polisi Jake Laird. Sheria ya mwaka 2005 ina jina la ofisa huyo. California ilifuata mwaka 2014, na Florida mwaka 2018, wiki tatu baada ya watu 17 kuuawa shuleni Parkland. Sasa majimbo zaidi ya 20 yana sheria za namna hii.

Watafiti, akiwemo Jeffrey Swanson wa Chuo Kikuu cha Duke, wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba ugonjwa wa akili huchangia sehemu ndogo ya ukatili dhidi ya wengine, takribani asilimia 4. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu kujiua. Utafiti wake juu ya Connecticut ulikadiria kwamba kila mara 10 hadi 20 polisi walipochukua bunduki, mtu mmoja aliokolewa asijiue. Hivyo faida kubwa ya sheria hizi imekuwa kwa mgonjwa mwenyewe, ingawa nyingi zilitungwa baada ya kilio cha waliouawa na mwingine.

Mahakama ya Juu ilitamka mwaka 2008, katika kesi ya Heller, kwamba silaha ni haki ya mtu binafsi, huku ikisema makatazo ya kale kwa wahalifu na wagonjwa wa akili hayajaguswa. Mwaka 2022, katika kesi ya Bruen, ilidai kila katazo lilingane na desturi ya historia ya taifa, ikiwemo ya enzi za waasisi. Kwa wagonjwa wa akili kipimo hicho ni kigumu, maana mwaka 1791 nchi nzima ilikuwa na hospitali moja tu ya umma kwa ajili yao, ile ya Williamsburg yenye vyumba 24. Oktoba 2025 Mahakama ilikubali kusikiliza kesi kuhusu watumiaji wa dawa za kulevya na bunduki. Mnunuzi anayeingia dukani bado hupewa fomu namba 4473, na swali lake kwa wagonjwa wa akili limeandikwa kwa maneno yaleyale ya mwaka 1968.